Viwavi kutoka Sayari ya Mbali

Nikolaus alishuka kwenye Landrova pale Chanzuru akiwa na kamera shingoni na miwani myeusi usoni. Shikamoo aliiacha huko Ulaya alikosomea sinema. Anatupita watu wazima kama visiki. Alikuja kutengeneza filamu fupi: eti mwaka elfu mbili wadudu wakubwa kuliko nyumba wanashuka kutoka sayari nyingine, na kijiji cha ujamaa kinawashinda. Makubwa! Trekta tuliloahidiwa halijafika, yeye anatuletea wadudu wa angani.

Na ujanja wake wote ulikuwa meza. Juu yake akapanga vijumba vya maboksi vilivyopakwa udongo. Atamwaga viwavijeshi wa kweli, akasema, asogeze kamera karibu kabisa, na kwenye turubai la sinema kiwavi mmoja ataonekana kama treni. Wadudu wenyewe aliwafuata Ruhembe, akaleta debe zima. Mtu mwenye akili timamu anabeba viwavijeshi kuwapeleka kwenye mahindi?

Meza akaitaka shambani kwangu, apate mimea halisi nyuma ya vijumba. Mimi ni mjane. Tulipohamishwa kutoka Kisanga niliacha mashamba yote, nikapewa kipande kimoja nyuma ya nyumba. Mahindi yake, yaliyokuwa bado yananifika magotini, ndiyo chakula cha wanangu. Nikamwendea mwenyekiti wa kijiji, mzee Lupakisyo, nikamwomba meza ikae barabarani. Akaniambia nisirudishe taifa nyuma. Nikamwendea Nikolaus mwenyewe, nikamwambia wadudu hao hawajui kuigiza. Akacheka, akasema debe lina mfuniko.

Mfuniko, jamani! Yeye na wasaidizi wake waliufungua wakaanza kubishana kuhusu jua na kivuli, meza ikaelemea upande, debe likapinduka. Tuliwaponda viwavi kwa miguu na majembe, tukamwaga majivu ya meko yote ya jirani. Wapi! Baada ya siku chache mahindi yalibaki vijiti. Nililia mbele za watu, wala sioni haya kusema. Na yule bwana, badala ya kuniomba radhi, alisimamisha kamera yake katikati ya shamba akapiga picha.

Gari la sinema lilipokuja na filamu hiyo, kijiji kizima tulikaa chini mbele ya turubai. Viwavi wakabomoa vijumba, watoto wakapiga kelele, haya, sawa. Kisha ikatokea nchi tupu, vijiti vitupu, na sauti ikasema hiyo ndiyo sayari walikotoka wadudu. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akamshika Nikolaus mkono, akamsifu kwa kutengeneza kitu cha ajabu namna ile. Naye akazipokea sifa, kifua mbele, utadhani shamba kalilima yeye.

Nikasimama.

"Nikolaus," nikamwuliza, "watu wa sayari hiyo wanakula nini?"

Akanitazama kwa huruma.

"Mama, kule hakuna watu."