Kabati la Kioo la Meli ya Mzee Ntahondi

Jana mchana Dafroza aliota mbao zake zimelazwa wodini.

Alikuwa amesinzia karakanani kwake Kigoma, kichwa juu ya meza ya kazi. Pembeni ilikuwepo meli ya mbao, urefu wa futi tano, ambayo baba yake, Mzee Ntahondi, aliichonga kwa miaka kumi na mmoja baada ya kustaafu kazi ya injini katika meli za ziwani. Sasa mzee alikuwa mgonjwa wa kitandani, na alimwomba bintiye jambo moja tu: kabati la kioo la kuiwekea. Fremu ya mninga ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kioo cha mbele. Lakini kila mzee alipouliza, Dafroza alijibu, "Bado, baba. Mbao lazima zipumzike." Ukweli ni kwamba aliogopa. Alihisi siku kabati litakapofungwa, baba hatakuwa tena na cha kusubiri.

Basi wodini, mbao za mninga zimejifunika shuka hadi shingoni. Futi ya kupimia inapita kitanda kwa kitanda, imevaa miwani.

"Wagonjwa hawa wamepumzika wiki tatu," inasema. "Unataka wapumzike mpaka lini?"

"Mpaka wakauke."

Ubao mmoja unajigeuza ubavu. "Tulikauka mwaka juzi, mama. Sasa tunachoka kwa kulala."

Dafroza anafungua dirisha ili asizitazame. Nje hakuna uwanja wa hospitali. Kuna ziwa, na meli ya baba imefungwa gatini, bomba linafuka moshi. Anainama, anachungulia chumba cha injini. Baba yake yumo, urefu wa kidole, ndani ya ovaroli ya bluu, anakaza nati.

"Shikamoo, baba. Toka, nataka kufunga kioo."

"Marahaba. Siwezi kutoka, niko zamu."

"Basi sifungi."

"Vumbi linaingia kwenye injini, Dafroza. Hulioni?"

"Nikifunga, utapumuaje?"

Mzee anaweka spana chini.

"Miaka thelathini nimeshinda huku chini, maji yamenizunguka pande zote. Uliwahi kuniuliza napumuaje?"

"Hapana."

"Nilipumua. Kinachonikaba ni hii kukaa gatini. Injini inanguruma, abiria wameshapanda, na hakuna anayefungua kamba. Funga, mwanangu, tuondoke."

Anarudi kwenye nati yake.

Dafroza anakiinua kioo. "Niko wima?" kioo kinauliza. "Uko wima," anajibu. Anakipachika. Honi inalia mara moja.

Akaamka. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Kisha akakipachika kioo kweli, akagongea vibao vya kukishikilia, akaenda chumbani kumwambia baba.

Mzee alikuwa amelala chali, amefumba macho. Mikono yake, juu ya shuka jeupe, ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka ndani ya kucha. Hakuwa ameshuka kitandani tangu Machi.

Dafroza alileta beseni la maji na sabuni, akaushika mkono wa kulia.

"Sabuni haitoi hiyo," mzee alisema, macho bado kayafumba. "Anza na mafuta ya taa."