Lipu ya Mama Evance

Domina alirudi kutoka Mikumi na ugonjwa. Ingekuwa malaria afadhali, maana ingepimwa na kutibiwa. Alikwenda semina kwenye hoteli moja ya watalii, akakaa ukumbini: ukuta matofali matupu, taa ni vibuyu, kochi ni kitanda cha kamba. Mhudumu akamwambia huo ndio mtindo siku hizi, ya kale na ya kisasa chini ya paa moja. Basi. Mumewe, Anselmi, hakupata tena amani.

Nyumba yao ya Magomeni, Kilosa mjini, aliijenga baba yake Anselmi enzi zake za kazi relini. Ilikuwa na lipu safi, imenyooka. Domina akamwita fundi Tomasi aibandue sebule nzima. Tomasi alimuuliza mara mbili kama hajakosea, labda anataka kupiga lipu.

"Bandua," alisema Domina. "Tuone historia."

Historia ilipoonekana ilikuwa nyekundu, ina nyufa, na kila treni ikipita ilimwaga vumbi kwenye chai. Makochi akapewa wifi, pakawekwa kitanda cha kamba. Mlango wa stoo ukang'olewa, ukawekwa miguu na kioo, ukawa meza. Stoo ikabaki na pazia. Vibuyu vitatu vya maziwa, vizima kabisa, vikatobolewa kwenye kitako na kutiwa balbu. Cha kisasa kilichobaki ni televisheni, kubwa kama ubao wa darasani. Majirani walipouliza kulikoni, Domina aliwacheka. Kuna watu macho yao yanaishia sokoni, alisema.

Sasa, mtoto wao Evance alimpenda Neema, binti wa mfugaji wa huko nyikani, mzee Lomayani. Posa ilikwishapelekwa. Lililobaki ni wazazi wa binti kuja kuiona nyumba, ndipo watoe jibu. Siku hiyo Evance hakuweza kula. Domina hakuwa na wasiwasi hata chembe. Aliwasha vibuyu vyote mchana kweupe.

Lomayani aliingia na mkewe Nalepo, Neema nyuma yao. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikaitikiwa, wageni wakaketishwa kwenye kitanda cha kamba. Mzee alipitisha kidole ukutani, kikarudi na vumbi. Akatazama pazia la stoo, akautazama mlango uliolala chini ya vikombe. Nalepo akainuka, akachungulia kibuyu kimoja, akaliona tundu. Aliketi tena, akashika tama.

Domina alivimba kwa raha. Wameduwaa hawa, alijisemea. Nyikani watayaona wapi mambo kama haya?

"Baba Evance," Lomayani alisema polepole, "poleni sana."

"Pole ya nini tena, mzee mwenzangu?" Anselmi aliuliza.

"Nyumba haifichi. Tuliambiwa mna kazi, mna mshahara, kumbe mnapambana. Lipu imeanguka, mnalala sebuleni, mlango mmeugeuza meza. Hata vibuyu vimetoboka. Nashukuru televisheni hamjaiuza."

Domina akafungua kinywa.

"Ngoja nimalize, mama Evance, usione haya. Ukame ulipotupiga na sisi tulikuwa hivi hivi. Mtu simkatai kwa shida zake. Ila kuna kijana alikuja kumposa dada yake Neema, nikasikia amechinja ng'ombe anayekamuliwa ili ajionyeshe kwa rafiki zake. Nilimrudishia posa yake siku ileile. Anayeharibu kitu kizima kwa makusudi hana akili, na binti yangu simpeleki kwa wasio na akili. Sasa niambie, mama. Hii ni shida, sivyo?"

Evance alimwangalia mama yake kwa macho ya kuomba. Anselmi alitazama dari, na Domina aliona wazi kwamba anajizuia kucheka.

Maneno alikuwa nayo. Mtindo, watalii, ya kale na ya kisasa, yote yalimjaa mdomoni, na yote alipoyapima yalisema kitu kimoja: tulibandua wenyewe. Ilimuuma mpaka machozi yakamlenga. Akayameza.

"Ni shida, mzee. Hali imekuwa ngumu."

"Masikini," alisema Nalepo. "Tangu lini?"

"Tangu aliporudi kutoka Mikumi," alidakia Anselmi.

Jibu likawa ndiyo. Evance alikula sahani mbili.

Jumamosi iliyofuata kirikuu kilisimama mlangoni na saruji na mchanga. Lomayani akashuka, fundi Tomasi nyuma yake na mwiko mkononi. Nalepo alikuja na kibuyu kilichojaa maziwa mgando, akamkabidhi Domina palepale barazani, mtaa mzima umesimama.

"Hiki ni kizima, mama Evance. Kitunze."

Domina alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa sauti ya chini, kama anayepokea msaada wa mafuriko. Na majirani wale ambao macho yao yanaishia sokoni, siku hiyo waliona vizuri kabisa.