Majina Matatu kwa Shamba la Mikorosho

Kaka yangu Muange alikuja Ukunda akanitaka nimkadirie bei ya kitu nisichoweza kukikanyaga. Mimi ni dalali wa mashamba. Nikikadiria, natembea juu ya udongo na kumtazama jirani usoni. Yeye alitaka bei ya majina matatu ya mtandao, yale ya anwani za tovuti.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Trevor, mpokea wageni wa hoteli moja ya Diani, alikuwa amemweleza kwamba awali majina ya namna hiyo yaliandikwa kwa herufi za Kiingereza tu, lakini sasa yalikuwa yakijaribiwa kwa herufi za Kiarabu, na zile za Wajerumani zenye vitone juu. Atakayewahi jina la Diani kwa herufi hizo, hoteli zitamfuata na kulinunua kwa bei yake. Trevor alikuwa nayo matatu. Alikuwa tayari kumwachia Muange yote, naye apewe shamba la mikorosho la Msambweni, lile baba alilomwachia Muange.

Moyo wangu ulikataa papo hapo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama yana mali hivyo, kwa nini ayatoe? Muange alinuna, akasema kwangu mimi kila mtu ni mwizi, na kwamba nalilia kamisheni tu. Hilo la kamisheni liliniuma.

Sisi madalali tuna desturi: kabla ya bei, muone mke wa anayeuza. Hata bodi ya ardhi humwuliza kama ameridhia. Basi nikangoja Trevor aingie zamu, nikaenda kwake, nikitarajia nyumba ya tapeli yenye televisheni kubwa.

Nilikuta chumba kimoja cha kupanga. Mkewe, Veronicah, alikuwa akipepea jiko mlangoni. Nilipomwambia nimekuja kwa habari ya yale majina, aliinuka upesi akafuta kiti kwa leso yake.

"Karibu, mama. Wewe ni wa hoteli gani?"

Nikamjibu kwamba mimi ni dalali tu. Akakaa taratibu, akanieleza bila kuficha. Walikuwa na kiwanja chao, msingi wa nyumba ukiwa tayari. Trevor alikiuza mwaka uliotangulia, akayanunua majina hayo kwa mgeni mmoja aliyekwisha kurudi kwao. Tangu hapo hakuna aliyeuliza bei.

"Mume wangu si mwongo," alisema. "Kila siku anangoja simu."

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilikuja kumsaka mwizi, nikamkuta aliyeibiwa. Bei ya majina yale ilikuwa kile kiwanja, nacho kilikwisha kwenda.

Nilipoaga, Veronicah alinishika mkono.

"Mama, wewe unajua watu. Ukimpata mwenye shamba, hata dogo, tubadilishane naye. Tuna watoto."

Sikumwambia kwamba mwenye shamba ni kaka yangu. Nilimwambia nitaangalia, kisha nikaenda Msambweni kumzuia Muange.