Jirani Mwenye Cherehani

Nilikuwa nimefika kola ya kumi na moja, pini tatu nimezibana kwa midomo, mguu uko kwenye pedali, nilipokumbuka kuwa sijaifungua karatasi yangu ya wiki. Yalikuwa majoho ya kwaya, ishirini na nne, rangi ya zambarau. Kitambaa kile kinateleza kama samaki. Nikazitoa pini mdomoni, nikaikunjua karatasi na kuichomeka kwenye shingo ya cherehani, mahali ninapoziweka zote.

Niseme kwanza hizo karatasi ni za nini. Kanisani kwetu kuna kikapu karibu na mlango. Mwenye shida anaandika ombi lake bila jina, analikunja na kulitumbukiza. Kila Alhamisi saa nne asubuhi, sisi waombezi wanane tunakaa, kila mmoja anachota karatasi moja bila kuchagua, anaenda kuifungulia nyumbani, anaiombea siku saba. Sheria aliziweka Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, na hazizidi tatu. Huchagui. Husemi, hata kwa mwenzi wako. Na hubadilishi neno. Mwenyekiti hupenda kusema kwamba mjumbe hauawi, lakini naye asiifungue barua ya watu akaanza kuisahihisha.

Mimi hiyo sheria ya tatu naielewa kwa njia ya ufundi. Ombi la mtu ni kama kitambaa cha mteja. Akikwambia mikono mirefu, ni mirefu, hata kama unaona mifupi ingempendeza zaidi.

Huwa naombea kazini. Mshono mmoja, ombi moja. Nikianza bega naanza na mtu, nikimaliza bega nasema amina, nageuza kitambaa. Sijawahi kufundishwa kuomba hivyo, kama ambavyo sikufundishwa na mtu kushona. Nilifumua gauni la marehemu mama yangu nikaona lilivyoungwa, ndiyo shule yangu. Lakini karatasi zangu zimekuwa zikijibiwa. Sijisifu, kwa sababu anayejibu si mimi. Ila Katibu wetu, mama mmoja mcheshi anayeuza vyombo vya plastiki, amezoea kuwaambia watu kwamba wakitaka jambo liende mbio, waombe karatasi yao imwangukie Fundi.

Basi nikasoma. Iliandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama mojamoja, kama za fomu ya serikali:

NIOMBEENI. UKUTANI KWANGU KUNA JIRANI MWENYE CHEREHANI. NI MTU MWEMA, SINA UGOMVI NAYE. LAKINI MASHINE YAKE INANIMALIZA. BWANA AMFUNGULIE MAHALI PENGINE PA KAZI, PAZURI KULIKO HAPO, NA MBALI.

Neno "mbali" lilipigiwa mstari mara mbili.

Sikuwa na haraka ya kuamua. Waumini wetu wengi wanakaa mitaa hii hii, na nikihesabu mafundi cherehani tuko watatu. Wa kwanza anashonea sokoni chini ya mwavuli, hana ukuta. Wa pili ana chumba peke yake nyuma ya kituo cha mafuta, na jirani zake ni matangi. Wa tatu ni mimi. Nikahesabu tena nikianzia mwisho, nikajikuta palepale.

Sasa tuelewane. Chumba changu ni kimoja tu cha kazi, kiko katikati ya vyumba vitatu vilivyopangana kama meno. Nimekaa hapo miaka tisa. Wateja wanakijua hata wakiwa wamefumba macho. Nikihamishwa, nahama na nini? Na sheria inasema niombe kama lilivyoandikwa, na watu wanasema nikiomba mimi, jambo linaenda mbio.

Siku ya kwanza niliomba pedali ikiwa inakwenda kasi, ili sauti yangu isisikike sana. Nilipofika kwenye amina nikagundua namwombea mtu apumzike na kelele huku nikimpigia kelele. Siku ya pili niliomba nimeketi kimya, ila niliomba upesi mno. Mume wangu, ambaye hutengeneza majokofu na hana maneno mengi, alinyanyua uso akaniuliza kama nilikuwa nakimbia mvua. Siku ya tatu nikajaribu kumshauri Mungu. Nikasema, Bwana, badala ya kumhamisha fundi, kwa nini usimpe huyo mtu masikio mazito kidogo? Nikakumbuka nimegusa kipimo cha mteja. Nikaomba radhi, nikalirudia lote tangu mwanzo, pamoja na "mbali".

Siku ya nne mwenye nyumba alibisha hodi. Aliingia na utepe wa kupimia, akasalimia, akaanza kupima ukuta wangu kutoka kona hadi kona, akiandika kwenye kiganja. Mkasi ulinianguka. Kwa miaka tisa mtu yule hakuwahi kupima kitu humu ndani. Nikajisemea, limefika, na limekuja na utepe wake. Nikauokota nikamuuliza anapima nini, akasema anataka kuweka mfereji wa bati kwa nje, maji ya mvua yanaula msingi, na anapimia ndani kwa kuwa nje kuna tope. Nilimshukuru sana. Nikampa kiti, nikampa chai, nikamsifu mfereji ambao bado haujanunuliwa, mpaka akaniuliza kama nina jambo nilitaka kumwambia na naona aibu.

Usiku ule nililala vibaya, na asubuhi ya siku ya tano nikaona jambo ambalo lingefaa kuonwa siku ya kwanza. Namwomba Mungu anisogeze, na cherehani yangu ina magurudumu.

Ukuta niliokuwa nimeiegemeza ni wa Nesi. Huyu binti anafanya zamu za usiku hospitali, analala mchana, na cherehani yangu ilikuwa sentimita chache tu kutoka kichwani pake. Nani mwingine? Nilimwonea huruma kweli, hata nikajilaumu. Nikamwita mume wangu, tukaisukuma mpaka ukuta wa pili, tukahamisha meza ya kukatia na taa. Mambo yakawa shwari. Kwa furaha ya kuwa na dhamiri safi nilishona mchana kutwa, bila hata kupumzika saa nane kama nilivyozoea, na mashine mahali pake papya ikawa inatoa mlio mtamu, maana sakafu ya upande ule ina mbao na inaitikia. Siku mbili nikamaliza kola zote zilizobaki na jozi kumi na sita za mikono.

Jioni ya siku ya saba Nesi akachungulia mlangoni, macho mekundu. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia mzima. Akaeleza kuwa siku hizi mbili hajalala. Alikuwa anausikia mlio wa cherehani kwa mbali kama mtu anayeondoka, na yeye tangu ahamie hapa hulala kwa mlio ule, humchukua kama mtoto mgongoni. Wodini kengele zinalia usiku kucha, akasema; akirudi nyumbani akakuta kimya, anabaki anasubiri kengele. Aliniomba kama haitanisumbua niirudishe.

Nilimwambia nitaona. Alipoondoka nikabaki nimeitazama karatasi.

Chumba kina kuta nne. Mmoja ni wa mlango, mmoja ni wa barabarani, mmoja ni wa Nesi. Uliobaki, huo ambako sasa nilikuwa nimeiegemeza cherehani, ni wa Mwenyekiti. Lakini Mwenyekiti hunisalimia kila asubuhi, huniuliza hali ya watoto, na mwaka jana alinisifia mbele ya watu wote kuwa mimi ni mchapakazi. Nikasema hapana, Mzee angeniambia. Nikaenda kulala nikiwa nimeshikilia hapo.

Alhamisi tukakutana. Katibu alimimina kikapu mezani, akakuta karatasi moja imeandikwa nje: LA WIKI ILIYOPITA, BADO. Ombi likirudi, desturi yetu ni kwamba anapewa aliyekuwa nalo, na ili ajulikane bila kutoboa siri, Katibu husoma mstari wa kwanza tu. Akavaa miwani, akasoma:

"Lile la jirani mwenye cherehani: mambo yamezidi, sasa ananishonea kichwani kabisa."

Watu hawakucheka mara moja. Walinigeukia kwanza. Katika waombezi wanane, mwenye cherehani ni mmoja. Halafu mzee mmoja wa mwisho wa benchi akaanza kutikisika mabega, na wengine wakafuata.

"Alikuwa nalo nani?" Katibu akauliza, naye anajitahidi.

Nikanyoosha mkono.

Hapo ndipo nilipomwangalia Mwenyekiti. Alikuwa anapapasa meza akitafuta miwani yake, ameinama, anafungua Biblia, anafunga, na miwani ilikuwa usoni pake. Nilikwenda nikaipokea karatasi, nikarudi kuketi. Siri ya mwenye ombi ni yake.

Tulipotawanyika alinisubiri nje. Tunakaa ukuta kwa ukuta, hatukuwa na njia mbili za kurudi. Nilimwamkia, akaitikia, tukatembea karibu mtaa mzima tukizungumzia jua. Mwishowe akasimama.

"Binti yangu," akasema, "umeliomba siku zote saba?"

"Zote saba, Mzee. Kama lilivyoandikwa."

"Na ile 'mbali'?"

"Na 'mbali'. Mara mbili, maana ulipiga mistari miwili."

Alishika kiuno, akatazama barabara kama mtu aliyepotewa na kuku. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba saa nane mpaka saa kumi ndiyo saa yake ya kuwaombea watu. Ana daftari la majina, waumini karibu wote. Zamani, mashine ikiwa upande wa Nesi, alikuwa anasikia kwa mbali na saa nane inanyamaza, akawa anavumilia, ingawa asubuhi alishindwa hata kusoma. Lakini tangu juzi, kila akisema "Bwana", ukuta unaitikia trrrr. Amefika jina la tatu tu. Wajane wote bado hajawagusa.

"Kwa nini hukuniambia? Tumesalimiana kila asubuhi."

"Niliogopa kukuudhi. Wewe ni mtu mzuri."

"Ukaona heri Mungu ndiye aniambie."

"Niliona karatasi itamwangukia mwingine," akasema. "Sheria nilizitunga mwenyewe, na hilo sikulifikiria."

Nikamweleza na mimi, kwa kuwa sasa ilikuwa zamu yangu. Kwamba ule mlio anaousikia si wa kushona tu. Kila akisikia trrrr ndefu, hilo ni bega, na ndani ya bega kuna mtu. Nikamtajia, bila majina wala shida zao, idadi ya maombi ya mwaka ule niliyoyaomba kwa pedali. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho akasema, pole pole, kwamba basi wiki nzima tumekuwa tukipigana yeye na mimi, mbele ya Mungu huyohuyo, kwa ajili ya watu walewale.

Kisha likamjia jambo jingine, nikaona uso umembadilika. Aliniomba nimrudishie karatasi. Alisema hataki nihame, anachotaka sasa ni saa mbili za kimya, na sasa ombi liko njiani, na anajua karatasi zangu zinavyokwenda. Nikamwambia siwezi kuirudisha kabla ya siku saba, nitakuwa nimevunja sheria ya Mwenyekiti.

"Basi lisome vizuri," akasema. "Imeandikwa mahali pengine pa kazi, pazuri kuliko hapo. Haikuandikwa nyumba nyingine."

Tukasimama tukafikiri, na kama mafundi wote tukaishia kwenda kutazama. Ukuta wa barabarani una dirisha pana ambalo nililikuta limepigiliwa mbao, na miaka tisa nilikuwa nimelifanya mahali pa kutundika nguo zilizokwisha. Mashine ikiwekwa hapo itakuwa mbali na Mzee kwa hatua nne, mbali na Nesi kwa hatua nne, mlio utatoka nje, na mimi nitapata mwanga. Nesi bado atausikia, akiacha mlango wake wazi. Na saa nane mpaka saa kumi nitakata vitambaa, mkasi hauna kelele. Mwenye nyumba tulimkuta nje ameshika mfereji wake mpya. Akasema dirisha ni lake lakini misumari si yake, aliyeipigilia hamjui, tuing'oe tu.

Mwalimu aliyeshika chaki miaka arobaini si mtu wa kumpa nyundo. Alipiga ubao, akapiga kidole, akapiga tena ubao. Mimi nikashika koleo. Misumari ilikuwa imeota kutu mpaka ndani, kila mmoja unatoka ukilalamika, na kila ukitoka Mzee anasema amina bila kujijua. Nilimuuliza kama hayo majina ya wajane hayamsubiri. Akatazama saa, ilikuwa imebaki robo kufika nane, akasema yanamsubiri.

Tulikuwa tumeng'oa sita kati ya kumi na minne. Ubao mmoja umeachia upande mmoja, na mstari wa jua umepita juu ya majoho. Aliiweka nyundo chini, akafuta mikono, akaniambia kesho atakuja asubuhi mapema na mafuta ya kulainisha kutu, na nisiguse ule wa juu kulia, umepinda, tutaushughulikia pamoja. Alipoingia kwake nilisikia kiti kikivutwa, kisha kimya. Jozi nane za mikono zilikuwa bado, na mapindo yote. Nikachukua mkasi, nikaikunjua karatasi, nikaanza siku ya kwanza.