Gari la Wagonjwa Limepona

Baada ya chai ya saa nne, wanafunzi wa ufundi magari walilisukuma gari la wagonjwa hadi ndani ya karakana ya chuo, mjini Mpanda. Silvesta, msimamizi wa magari ya zahanati, alikuwa amesema injini imekufa, akalitoa wanafunzi wajifunzie kufungua bolti.

Emelyne, mmoja wa wanafunzi hao, alikuwa na hamu kuliko wenzake. Gari hilo ndilo dada yake Vénérande alilolisubiri kijijini siku ya uchungu, mpaka akafa na mtoto tumboni.

Hakufungua bolti hata moja. Alizifuata nyaya kwa vidole kuanzia kwenye betri, kama alivyofundishwa, na karibu na pampu ya dizeli akafika mwisho wa mmoja.

"Mwalimu Damiano, njoo uone! Huu haukukatika. Umekatwa kwa kisu."

Mwalimu aliinama, akatazama. Wote walikumbuka kwamba gari lilipolala tu, Noah, gari binafsi la Silvesta, ilianza kukodishwa kubeba wagonjwa, wale wenye uwezo.

"Unga," alisema Mwalimu.

Emelyne aliunga, akatoa hewa kwenye dizeli, akawasha. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, kisha ikanguruma. Karakana nzima ililipuka kwa shangwe. Mwenzao Shadrack alicheza mpaka akaangusha jeki.

Moshi ulipotulia, marehemu waliokuwa wakilisubiri gari waliingia getini. Vénérande alitangulia, tumbo bado kubwa, beseni lenye kanga mpya kichwani. Mwalimu aliwaambia wanafunzi waondoe spana kwenye mabenchi, wageni wakae.

"Emelyne we, nimesikia mlio. Limepona?"

"Limepona, dada! Panda mbele, nyuma linarusha."

"Dereva nani?"

"Mimi."

"Wewe? Leseni unayo?"

"Ninayo. Funga mkanda."

King'ora kilifanya kazi. Bodaboda zilipisha, watu wa sokoni wakapunga mikono, na Emelyne aliendesha huku akiimba, abiria wakimwitikia. Hospitalini muuguzi aliitazama kadi ya kliniki, akasema tarehe imepita sana, akampeleka Vénérande leba. Wengine aliwaelekeza wapange foleni. Haikuchukua muda, mtoto akalia kwa sauti iliyofika hadi kwenye maegesho.

Emelyne akapiga simu nyumbani.

"Mama! Dada kajifungua! Wa kike!"

Mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakoroma. "Kafanana na nani?" aliuliza. "Angalia pua, mwanangu!"

Jioni Vénérande alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya makaburini, akitembea upesi na kucheka peke yake.

Kesho yake Silvesta alikuja na wakubwa wake kuchukua gari. Mwalimu Damiano aliwaonyesha kipande cha waya. Silvesta akasema panya wa uani kwao ni wakali. Wakubwa wakakubali, wakawapongeza wanafunzi, wakapiga nao picha.

Wiki iliyofuata gari likatangazwa bovu tena, Noah ikarudi kazini.

Siku ya somo la breki, mama mmoja wa Kisukuma aliingia karakanani amembeba mwanawe. Wote wawili walikuwa wamefariki njiani, Jumapili, wakienda hospitali kwa miguu.

"Wametuambia magari yanaponea hapa," alisema.

"Ndiyo, mama. Karibu," alisema Emelyne. Akafuta grisi mikononi, akampokea mtoto ili mama apumzike.