Kufuli Moja, Mafundi Saba

Nilihesabu kufuli mia nne na kumi na mbili kwa siku mbili, na hakuna karani aliyenifikia.

Ndivyo tulivyoagizwa. Soko kuu lilikuwa limefungwa kwa wiki ya saba kwa sababu ya ugonjwa, watu wamejifungia majumbani, na baraza la jiji lilikuwa limepata fedha za msaada za kuwagawia wale waliopoteza riziki. Kila mfanyabiashara, fungu moja. Lakini utamhesabuje mtu ambaye hayupo? Mkuu wa orodha, mzee mwembamba tuliyemwita Rula kwa sababu hakusoma mstari bila kuweka rula chini yake, alipata jibu akiwa amekaa ofisini, na akalipenda.

"Penye kufuli pana mwenye kufuli," alisema. "Kufuli moja, mtu mmoja. Andikeni namba ya mlango, songeni mbele. Msiniletee hadithi."

Mimi nilikuwa karani wa muda, mkataba wa miezi mitatu, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Niliingia soko tupu, hakuna sauti ila ya viatu vyangu na paka wawili wakigombania kivuli. Niliandika huku natembea. Siku ya pili jioni Rula aliinua karatasi zangu mbele ya makarani wenzangu wote.

"Tazameni mwandiko! Tazameni kasi! Huyu ndiye karani."

Nikavimba kichwa hadi kamba ya kitambulisho ikanibana.

Jumatatu orodha ilibandikwa kwenye lango la soko. Mama alikwenda kuisoma. Mama ni fundi cherehani. Yeye na wenzake sita wana chumba kimoja nyuma ya safu ya vitambaa, cherehani saba, mlango mmoja. Alirudi nyumbani, akavua barakoa, akaikunja mara mbili kama kitambaa cha mteja, akaiweka mezani.

"Nani alihesabu safu ya vitambaa?"

"Mimi," nikasema, bado najidai.

"Basi pole, maana umetuandika mtu mmoja."

"Mama, agizo lilikuwa..."

"Nimekuuliza agizo? Mimi nataka kujua nimepewa kiungo gani. Tumegawana huko langoni. Bi Kimya amechukua kichwa kwa sababu ni mkubwa wetu. Wenye watoto wadogo wamechukua mikono na miguu. Mimi nimebaki na sikio. Sema, karani, sikio linakula nini?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Mwenye chumba alikuwa amewapa mpaka mwisho wa mwezi: kodi ya miezi miwili, au cherehani zitoke nje na chumba apewe muuza viatu aliyekuwa akikimezea mate. Mafungu saba yangelipa kodi na chenji ikabaki. Fungu moja lisingefika hata robo yake. Na mafundi wakishatawanyika, kila mmoja na cherehani yake barazani kwa watu, kazi waliyoijenga chumbani humo kwa miaka ishirini na tisa ndiyo basi tena.

"Na yule tajiri wa sukari," mama akaendelea, "ghala lake lina milango kumi na mmoja. Kufuli kumi na moja. Mafungu kumi na moja! Siku hizi magunia nayo yanapoteza riziki."

"Ungeniambia mapema, mama."

Mama akaisukuma barakoa pembeni.

"Wewe umelala chini ya meza yangu, juu ya mabaki ya vitambaa, mpaka ulipoanza shule. Ulipofika kwenye ule mlango, hukutukumbuka?"

Hapo ndipo pabaya. Niliwakumbuka. Nilisimama pale, kalamu hewani, nikaziona zile meza saba kichwani kama ninavyoiona mikono yangu. Halafu nikafikiria kwamba karani wa safu ya samaki alikuwa nyuma yangu kwa kufuli nane tu. Nikaandika moja, nikasonga.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Rula kabla hajavua koti.

"Orodha imefungwa," alisema. "Alhamisi inakwenda kikaoni. Madiwani wakiipitisha, imepita."

"Kikao kina dakika tatu za mwananchi."

"Za mwananchi, si za karani. Soma kifungu cha nne cha mkataba wako. Karani hapingi orodha ya ofisi hadharani. Ukisimama, umejifukuza mwenyewe." Akaiweka rula chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Kijana, wewe ndiye karani bora niliyepata mwaka huu. Usiniharibie."

Laiti angenitukana. Matusi nina majibu yake.

Nilikaa siku mbili nikitunga hotuba. Niliipanga kwa vina, mizani imetimia, tajiri wa sukari nimempiga kijembe katika kila ubeti. Jumatano nilimsomea mama akiwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Beti ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Dakika tatu, kosa moja, beti kumi na mbili. Mwanangu, we litaje kosa, ukae chini. Vina ungetia siku ya harusi."

Ukumbi wa baraza ulikuwa umepangwa viti vilivyoachana, duara la chaki likizunguka kila kiti. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu mkuu. Alitumia kengele ya shule mahali pa nyundo, na madiwani wazima na matumbo yao waliinyamazia. Mafundi saba walikaa nyuma kabisa, wima, mabegi magotini. Zamu ya wananchi ilipofika, nilivua kitambulisho, nikakiweka juu ya meza mbele ya Rula, nikaenda kwenye kipaza sauti.

"Orodha ya safu ya vitambaa ina kosa. Chumba kimoja kina mafundi saba na kimeandikwa mtu mmoja."

"Kosa la nani?" mwenyekiti akauliza.

"Langu. Mimi ndiye niliyehesabu. Niliona kufuli, nikaandika kufuli. Watu niliwajua, nikawaruka."

Kicheko kikapita ukumbini. Sikuinamisha kichwa. Mtu aliyekosea kwa mkono wake na akalisema kosa lake kwa mdomo wake hana deni la haya kwa mtu yeyote.

Tajiri wa sukari akainuka, barakoa imeshuka chini ya pua.

"Mama mwenyekiti, huyu kijana namhurumia. Lakini tukianza hivi, leo chumba kina saba, kesho kina kumi na saba, na shangazi zao kutoka kila pembe. Kufuli angalau haidanganyi."

"Ana hoja," akasema mwenyekiti. "Kijana, chumba kimefungwa. Hati ya kodi ina jina moja. Nitajuaje kwamba ni saba? Una ushahidi gani?"

Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na beti kumi na mbili mfukoni. Kengele ilikuwa mkononi mwake, imeinuliwa nusu.

"Mama mwenyekiti," ikaja sauti ya mama yangu kutoka nyuma. "Naomba umruhusu askari wa mlangoni avue koti."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Mama, huku si kwa mganga!" mtu akapaza sauti.

"Sare zenu mia mbili za mwaka jana," mama akasema, kana kwamba hakusikia, "zilishonwa chumbani kwetu. Kwetu kila fundi ana rangi yake. Akimaliza nguo, anafunga pindo kwa vishono vitatu vya uzi wake, ndani, upande wa kushoto. Nguo ikifumuka, inarudi kwa aliyeishona, airekebishe bure. Hakuna kujificha mgongoni kwa mwenzako. Askari, mwanangu, geuza pindo."

Askari akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Jamaa akavua koti, akaligeuza.

"Njano," akasema.

Fundi mmoja akainuka. "Yangu."

Dereva wa baraza naye akageuza lake bila kuombwa. "Mimi kijani!"

"Yangu hiyo. Na wewe umenenepa, lete niliachie kidogo kiunoni."

Sasa ilikuwa kama soko limefunguliwa. Tarishi, mpiga chapa, mama wa chai, kila mwenye sare akawa anapekua pindo lake. Nyekundu. Zambarau. Rangi ya machungwa. Kila rangi ilipotajwa, mwanamke mmoja aliinuka na kubaki amesimama. Mwenyekiti mwenyewe alikunja ukingo wa joho lake, akavaa miwani, akasema taratibu, "Nyeupe." Bi Kimya, aliyeshona miaka hamsini na asiyependa maneno, aliinuka na kuinua mkono mmoja tu.

Wakawa sita wamesimama. Rangi ya mama peke yake haikuwa imetajwa. Nikaona Rula anahangaika kwenye kiti chake. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa akimtazama. Akainuka, akageuza koti lake la ofisi, akalisogeza karibu na macho.

"Buluu," akasema. "Vishono vitatu. Vimenyooka sana."

"Vyangu," mama akajibu. "Asante, baba."

"Rangi si watu!" tajiri akafoka. "Mtu mmoja anaweza kuwa na bobini saba za uzi!"

Mwenyekiti akapokea koti la askari na la dereva, akayalaza juu ya meza pamoja na ukingo wa joho lake, akayakagua moja baada ya jingine, vishono, si rangi.

"Nimesahihisha madaftari miaka thelathini," akasema mwishowe. "Mwandiko wa mtoto naujua hata asipoandika jina. Huyu anavuta uzi kwa nguvu. Huyu anakaza kishono cha mwisho tu. Huyu wa nyeupe sijawahi kuona mkono kama wake. Bwana, hii ni mikono mbalimbali."

Akapiga kengele. Orodha ilirudishwa yote, si ya safu ya vitambaa tu. Watu wahesabiwe upya kwa siku tatu: kila mtu aonekane kazini kwake, au majirani wawili wamshuhudie. Fedha haziongezeki, akaonya. Wakizidi watu, fungu linapungua. Wapo walioguna, na sikuwalaumu.

"Na nani atahesabu?" Rula akauliza. "Karani wangu wa safu hizo amevunja mkataba."

"Nitahesabu bure," nikasema.

"Si bure!" mama akapiga kelele kutoka nyuma. "Kazi ni kazi!"

Hata tajiri alicheka. Mwenyekiti akaandika: siku tatu, kwa malipo ya kutwa, kisha mkataba umekwisha. Nikakubali.

Safari hii niligonga, nikauliza, nikangoja. Nyuma ya kufuli moja ya kinyozi walikuwepo vinyozi watatu wa zamu. Nyuma ya zile kufuli kumi na moja za sukari walikuwepo wapagazi kumi na tisa ambao orodha ya kwanza haikujua kama wamezaliwa. Niliwakuta uani, wakanionyesha mabega yao yaliyokauka kama ngozi ya ngoma. Tajiri nilimwandika pia, fungu lake moja, akatia saini bila kunitazama.

Chumba cha mama kilikuwa cha mwisho. Kilifunguliwa kwa ruhusa ya muda wa saa moja, madirisha wazi, kila fundi nyuma ya cherehani yake. Niliingia.

"Toka," mama akasema. "Piga hodi kama ofisa."

Nikatoka. Nikapiga hodi. Wakanikaribisha wote saba kwa mpigo, hata Bi Kimya.

"Kazi yako, mama?"

"Fundi. Andika kwa herufi kubwa."

"Miaka kazini?"

"Ishirini na tisa. Na usiandike 'takriban'. Ni ishirini na tisa."

Fungu lilipotoka lilikuwa limepungua karibu theluthi nzima. Kuna watu wa soko wasionisalimia mpaka leo kwa ajili hiyo, nami nawasalimia kwanza, kwa sauti. Mafundi waliweka mafungu yao saba pamoja juu ya meza ya kukatia. Kodi ya miezi miwili ilitimia, ikabaki bei ya nyuzi.

Nilikwenda nao kuipeleka. Kwa mwenye chumba walipanga mstari barabarani, wakiachana hatua mbili mbili, barakoa za kitambaa kimoja. Alihesabu noti, akazihesabu tena, akatoa kitabu chake cha risiti.

"Nimwandike nani? Yule yule wa kwenye hati?"

"Sote," mama akasema.

"Saba? Mama, karatasi yenyewe hii ndogo, majina hayataenea."

"Geuza upande wa pili," mama akamwambia, akamsogezea kalamu. "Tunaanza na Bi Kimya."