Msumari wa Likizo

Karakana ile ya kushona sare za shule ilikuwa na cherehani kando ya madirisha, meza ndefu ya kukatia katikati, na karibu na mlango, msumari mmoja wa likizo. Kila mfanyakazi alikuwa na futi yake ya kupimia nguo, akishinda nayo shingoni. Anayekwenda likizo aliitundika msumarini, na mpaka arudi kuitungua, hakuna mwingine wa kuondoka. Bosi aliuanzisha utaratibu huo baada ya msimu mmoja watu kuomba ruhusa kwa mpigo na kumwacha peke yake na mlima wa suruali. Tangu hapo hakuna aliyemwambia ana upendeleo, na hilo alijivunia sana.

"Kwani misumari imeadimika mjini, bosi?" mpiga pasi alipenda kumtania. "Tugongee wa pili."

"Nikigonga wa pili mtataka wa tatu. Nawajua nyinyi."

Mama wa mshona vifungo alipozidiwa na maradhi, binti huyo alikwenda kuomba ruhusa, akaikuta futi ya mkataji msumarini. Mkataji alikuwa amekwenda kuoa. Bosi alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie.

"Pole sana, mdogo wangu. Mkataji akirudi tu, unaondoka siku hiyohiyo."

"Hali yake si nzuri, bosi. Ananiita."

"Najua. Lakini nikikuachia wewe, yule niliyemkatalia juzijuzi nitamwambia nini?"

Aliyekataliwa juzijuzi ni mpiga pasi, naye aliinamia pasi yake. Mshona vifungo akarudi kwenye kigoda chake, akajikaza kisabuni. Machozi yalimlengalenga, lakini matundu ya vifungo hayashoneki kwa macho yenye maji, kwa hiyo akayafuta.

Mama alikuja mwenyewe asubuhi moja, wakati wa chai. Alivaa gauni lake la kijani na viatu vya kutokea, na puani alikuwa na pamba. Alisimama mlangoni akapiga hodi.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Nimefariki jana alfajiri. Nikaona binti yangu haji, nikasema basi nimfuate, twende wote nikazikwe."

Wakampa pole. Mpiga pasi akamwekea kigoda kando ya mwanawe, na mtu mwingine akammiminia chai. Aliishika kikombeni mpaka ikapoa, hakuinywa. Simu ya mshona vifungo ikaita. Alikuwa kaka yake.

"Mama katutoka," kaka alisema, akashindwa kuendelea. Kisha akasema, "Na kitandani hayupo."

"Yupo hapa kazini kwangu."

"Afadhali! Tumehangaika jamani. Sasa mje upesi, watu wamejaa na kaburi limeshachimbwa."

Mama akamgeukia bosi. "Mwanangu, niachie binti yangu."

"Mama, nakuheshimu kama mama yangu mzazi," alisema bosi. "Lakini futi ya mkataji ile pale, unaiona mwenyewe."

Mama aliitazama. Hakubishana. "Basi nipe sindano. Sijazoea kukaa mikono mitupu."

Bosi aliingiwa na huruma. Akafungua droo, akatoa futi mpya ya manjano, akamvisha shingoni kwa mikono yake mwenyewe, maana pale hakuna aliyefanya kazi bila futi. Mama alishona vizuri, kwa mshono mdogo wa kizamani. Vidole vyake vilikuwa baridi, na mashati aliyoyashika yalitoka na unyevu, ikabidi mpiga pasi ayarudie. Hakulalamika.

Waliongea kutwa kwa sauti ya chini, mama na mwana.

"Nilikuita sana."

"Nilisikia, mama."

"Nilijua umesikia."

Jioni walikwenda wote chumbani kwa binti, wakalala kitanda kimoja. Kila siku kaka alipiga simu. Mvua imenyesha, kaburi limejaa maji, tunayachota. Wageni wameanza kuaga. Majirani wanauliza tuwaambie nini.

Hatimaye mkataji akarudi, kanenepa kwa ndoa, akaitungua futi yake. Mshona vifungo akasimama. Mkoba wake ulikuwa tayari miguuni. Mama naye akasimama.

"Mnakwenda wote?" bosi aliuliza.

"Wote," alisema mama. "Tunakwenda kunizika."

Bosi akashika tama. Jambo lilimuuma, lilionekana usoni. "Msumari ni mmoja, mama. Na wewe sasa ni mfanyakazi wetu."

"Lakini bosi," mpiga pasi alianza, "mama wa watu..."

"Nilipokukatalia wewe, baba yako hakuwa mahututi?"

Mpiga pasi akairudia pasi yake, maana ni kweli, na baba yake alishazikwa.

"Nenda wewe, mwanangu," alisema mama. "Wewe ndiye uliyeomba kwanza."

"Niende nikazike nini, mama?"

Binti akamvua mama futi ile ya manjano, akaitundika msumarini kwa mkono wake. Akamfunga kifungo cha juu cha gauni la kijani, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kituo cha basi kilikuwa mbali, na muda wa chai ulikuwa umeisha.

"Usikawie njiani. Wanakusubiri."

"Na wewe ule," mama alisema. "Umekonda sana."

Alizikwa kesho yake mchana. Kaka aliisogeza simu karibu na kaburi ili dada yake asikie, naye akasikia udongo ukianguka kwenye mbao. Simu aliibana kwa bega na sikio, mikono ikiendelea na mashati. Alilia kwa sauti siku ile, na hakuna aliyemnyamazisha. Bosi mwenyewe alimletea maji.

Futi ya manjano bado iko msumarini. Mama hajarudi, kwa hiyo tangu siku ile hakuna aliyekwenda likizo. Binti wa bosi amejifungua mbali, na bosi alishafunga sanduku akamwone mjukuu, lakini alipofika mlangoni aliitazama ile futi, akarudi kukaa. Siku za usafi huipangusa vumbi kwa kitambaa na kuirudisha palepale.

Juzi kaanza kazi msichana mpya wa cherehani, naye harusi yake imekaribia. Alipoelezwa utaratibu, akamsogelea mshona vifungo.

"Dada, samahani. Huyu aliye likizo anarudi lini?"

"Sijui, mdogo wangu. Hata mimi namsubiri," alisema mshona vifungo. "Akirudi ni zamu yangu. Nitakwenda kuliona kaburi lake."

Msichana akashukuru, akarudi kwenye cherehani yake.